Homa ya Mbu na Nyuni wa Bi Mejumaa

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Msambweni, nilitarajia kupewa koti jeupe. Nilipewa debe la mafuta na kuambiwa nimfuate Bwana Afya, mkaguzi wa usafi na mbu, mtu mnene aliyetembea mbio kuliko sisi vijana. Alinipeleka kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa kujengea nyumba, nayo yamejaa maji ya mvua. Tukamimina mafuta juu yake ili viluwiluwi vikose pumzi. Nilinung'unika kwamba mimi nilikuja kutibu watu, sikuja kupaka madimbwi mafuta.

"Yaache basi," akanijibu bila kugeuka. "Mvua haijesha utakuwa na wagonjwa wa kutibu mpaka uchoke."

Alinifundisha kwamba mbu wa malaria ana madaha yake. Hapendi maji ya chooni. Hupenda maji yaliyotulia yenye kupigwa na jua: madimbwi, mitaro ya miwa, hata nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua. Akitua ukutani huinamisha kichwa na kuinua mkia juu, na mwenye kuuma ni jike peke yake. Tulipuliza dawa kwenye kuta za nyumba, na akina mama walitulaani kwa kuwatolesha vyombo nje. Niliwaambia walaani tu, mradi walale ndani ya vyandarua.

Baadaye nikawa dresa. Ndivyo tulivyoitwa wasaidizi wa daktari katika miaka ile ya hamsini, sisi tuliofunga vidonda, tukapiga sindano na kugawa dawa. Bwana Dakta, mkubwa wetu, alikuwa mkali lakini mwenye subira ya kufundisha. Alinikalisha mbele ya darubini karibu na dirisha, maana ilitegemea mwanga wa jua. Tulichoma kidole cha mgonjwa, tukadondosha damu juu ya kipande cha kioo, ikakauka, tukaitia rangi ya zambarau. Hapo vijidudu vya malaria huonekana ndani ya damu kama pete ndogo zenye kito. Wiki za kwanza niliona uchafu wa kioo nikauita malaria, akanirudisha kitini bila kunicheka.

"Mtu anatetemeka kwa baridi, kisha anawaka moto, kisha anatoka jasho, kichwa na viungo vinamuuma, anatapika," alikuwa akisema. "Wewe tayari umeshasema malaria. Homa ni nyingi, dresa. Iulize damu kwanza."

Nami naliamini neno hilo mpaka leo. Lakini damu nayo yataka akili. Mtu mzima wa pwani, aliyeumwa na mbu tangu utotoni, aweza kukutwa na vijidudu na huku analima vizuri. Aliyeshuka kutoka Taru, nchi kavu yenye mbu wachache, akaja kukata miwa Ramisi, aliangushwa vibaya na homa hiyohiyo. Walioangamia zaidi ni watoto wadogo. Wao hupauka kwa kuishiwa damu, bandama likavimba hata ukaligusa chini ya mbavu za kushoto, na homa ikipanda kichwani hupatwa na degedege: macho hugeuka, mikono na miguu hukakamaa na kutupwatupwa.

Hapo ndipo palipokuwa na vita yangu. Nilipohamishiwa zahanati moja upande wa Vanga, peke yangu, nilikuta watu wanaamini kwamba degedege ni nyuni, ndege asiyeonekana anayempitia mtoto na kivuli chake. Na mtoto mwenye nyuni, walisema, akidungwa sindano hufa. Walikuwa wameyaona kwa macho yao: mtoto aliyecheleweshwa hufikishwa kwa dresa akiwa hoi, hudungwa, hufa, na lawama hubaki kwenye sindano.

Asubuhi moja mama kijana, Riziki, alimleta binti yake kwa homa. Nilikuwa nimeshaitazama damu, pete zimejaa tele, na sindano ya kwinini iko tayari. Mtoto akashikwa na degedege palepale kwenye benchi. Riziki alipoiona sindano alimkumbatia mwanawe akatoka mbio.

Nilijua anakokwenda. Kwa Bi Mejumaa, mganga wa watoto, aliyekuwa akiheshimiwa kuliko mimi na serikali yangu yote. Nilichukua kisanduku cha sindano nikamfuata, na njiani nilipanga maneno makali. Nilipofika uani nilimkuta bibi amemlaza mtoto ubavu, anamwosha kwa maji ya majani, polepole, kuanzia kichwani. Nikaona kwamba yale maji yanampoza mtoto, jambo ambalo hata mimi ningelifanya. Maneno makali nikayameza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hicho chuma chako kiache huko huko."

"Nimekiacha. Naweza kungoja?"

"Ngoja. Uwanja ni wa Mungu."

Nilikaa. Kila kitambo kilichopita kilikuwa cha mtoto, si changu. Hatimaye viungo vikalegea, mtoto akavuta pumzi ndefu akalia.

"Nyuni ameondoka, bibi?"

"Ameondoka."

"Basi iliyobaki ni homa. Nyuni ni wako, simgusi. Homa ni yangu. Nipe haki yangu kabla hajarudi."

Alimgeukia Riziki. Kwa mila yake mwenyewe, sindano ilikatazwa nyuni akiwa bado juu ya mtoto, na sasa hayuko. "Mpe haki yake," akasema. Nilimdunga, na alipoweza kumeza nikampa vidonge vya klorokwini, vichungu na vyenye kuwasha mwili. Nilimwonya mama asiviache homa ikitulia, kwa sababu vijidudu vilivyobaki hurudi na jamaa zao. Mtoto akapona.

Tangu hapo tulikubaliana, mimi na Bi Mejumaa: aoshe haraka, alete haraka. Wakubwa wangu wengine hawakulipenda hilo. Mimi sikujali, kwa kuwa watoto walifika wangali hai.

Nimestaafu zamani. Dawa tulizozitumia vijidudu vimezizoea, na ninyi mna nyingine. Zitumieni kwa kipimo, mzimalize, na chandarua msikifanye wavu wa samaki. Mkiniuliza kama niliifanya kazi yangu vizuri, nitasema ndiyo, bila haya. Ushahidi ninao.

Siku moja, mwaka wangu wa mwisho kule, nilimwona Bi Mejumaa anakuja mbio, kanga imemwanguka njiani, mjukuu wake mwenyewe mikononi akitupwatupwa. Hakuwa na majani wala maji.

"Bibi, hujamwosha? Na nyuni je?"

"Nyuni nitajuana naye mimi," akasema, akimlaza mtoto kwenye benchi langu. "Mdunge, mwanangu. Mdunge sasa hivi."

Jioni yule mtoto aliomba uji, na bibi yake akamnywesha kwa mkono wake.