Goti Lililohama Njia

Nakumbuka siku moja nilisikia goti langu likilia kabla sijaona chochote. Lilitoa sauti fupi, kavu, tok! kama mtu aliyevunja kijiti cha muhogo nyuma yangu. Nilikuwa nimefumba macho, maana manyunyu ya maporomoko yalinipiga usoni. Nilipoyafumbua, nilijikuta nimening'inia kwenye kamba kwa mikono miwili, mto unanguruma chini ya nyayo zangu, na pia ya goti langu la kulia imehamia upande wa nje, imetuna chini ya ngozi kama yai lililotagwa mahali pasipo pake.

Baba yangu alikuja akitembea juu ya magogo kwa utulivu, kama mtu anayevuka ua wa nyumba yake, akanibeba begani.

"Usilie, Toma," aliniambia. "Samaki watasikia, watacheka."

Mjukuu wangu, wewe umezaliwa mjini, Mangobo, katikati ya ngurumo za pikipiki, huenda hujawahi kusimama juu ya magogo yale. Sisi Wagenya, wavuvi wa maporomoko, huyasimika kwenye mawe ya mto, tukayafunga kwa kamba za msituni, na kwenye kamba hizo tukaning'iniza migono, vile vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana ambavyo maji yenyewe huvijaza samaki. Kila ukoo una nafasi yake pale. Nafasi ya baba yangu ilitoka kwa baba yake, na mimi nilikuwa mwana wake wa pekee. Nilikuwa kijana ambaye sauti imeanza kukwaruza, na mwaka ule ndio niliokuwa nikipandishwa magogoni. Lakini mtu ambaye goti lake humtoroka hawezi kusimama pale. Mto haumwulizi mtu mara mbili. Kama nisingepona, nafasi yetu ingekwenda kwa watoto wa tonton, ndugu ya baba, nami ningebaki ukingoni nikitengeneza vikapu vya wenzangu.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Goti lilikwisha kunitoroka nikicheza mpira, likanitoroka tena nikishuka ukingoni na kapu la samaki kichwani. Mara zote mbili tulikwenda kwa Koko Marta, bibi aliyeunga mifupa ya mtaa mzima. Alinyoosha mguu wangu taratibu, akaisukuma pia ya goti kwa kidole gumba, ikarudi mahali pake. Kisha alifanya kama walivyofanya waliomtangulia: alimvunja kuku mguu, akamfunga vijiti, nami akanifunga vijiti, dawa ile ile kwa wote wawili. Siku kuku atakapotembea, mgonjwa naye atatembea. Ndiyo desturi. Na kweli, kuku walitembea, mimi nikatembea, na kila mtu akafurahi isipokuwa kuku.

Mara hii ya tatu, mama yangu alikuja kwa Koko Marta akiwa na jogoo kwapani. Koko Marta aliirudisha pia mahali pake, akalikandakanda goti kwa muda mrefu, halafu akamtazama jogoo yule, akacheka.

"Rudisha jogoo, mama Toma. Huyu atateseka bure."

"Ni mudogo?" mama aliuliza.

"Ni munene, ungemupika. Sikiliza. Kuku nilimuvunja mufupa, mufupa ikashika. Mutoto wako mufupa yake iko nzima. Ni njia ndiyo mubaya. Mufupa inatoroka njia. Hiyo kuku hawezi kunifundisha. Mupeleke lopitalo, kwa munganga mwenye kisu."

Baba yangu aliruka kama aliyekanyaga miba. Alimjua mzee mmoja aliyepasuliwa mguu, ukabaki umenyooka kama kasia mpaka kaburini. "Na mguu usiokunjika atapanda nao wapi?" alisema. "Afadhali goti linalotoroka mara moja moja."

"Mara moja moja, lakini mara ipi?" Koko Marta alimjibu. "Leo alikuwa na kamba mukononi. Kesho?"

Mwanangu, nimewaona watu wengi wenye mikono mizuri, lakini wachache wanaojua mahali mikono yao inapokomea. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Koko Marta aliyafika yake, akajua, na akatupeleka yeye mwenyewe, amevaa kitambaa chake cha kanisani, kichwa juu, kama anayempeleka binti kuolewa.

Hospitalini kulikuwa na daktari Mbelgiji, mrefu, mwenye haya, aliyezungumza Kifaransa tu, na muuguzi mmoja wa Maniema, Papa Saleh, aliyezungumza na dunia nzima. Daktari alipinda goti langu, akalinyoosha, akaisukuma pia kwa nje nami nikamshika mkono kwa hofu. Aliitikia kwa kichwa kana kwamba nimempa jibu. Akaanza kueleza. Papa Saleh alisikiliza, akaanza kutafsiri, akaona uso wa baba yangu umefungwa kama duka siku ya Jumapili, akaacha.

"Papa, wewe ni Mugenya, si ndiyo? Bon. Kikapu yako pale majini, ukiivuta na kamba ya upande moja tu, inakuwa namna gani?"

"Inalala," baba alisema. "Inageuka, samaki wanatoka."

"Basi ndiyo goti ya mutoto. Kamba ya nje iko inavuta sana, kamba ya ndani imelegea. Munganga atalegeza ya nje, atakaza ya ndani. Na hapa chini ya pia, atachukua nusu ya kano, aihamishe, aishone upande wa ndani."

"Na mfupa?"

"Mufupa hagusi. Kwa watu wazima wanakatanga kipande ya mufupa, wanahamisha. Lakini huyu bado anarefuka. Ukikata pale, unaweza kuharibu mahali mufupa inakulia, mguu ukuwe kombo. Donc, kwa kijana ni kamba tu."

Nikaona vidole vya baba vikisogea, vinafunga na kufungua fundo hewani. "Kulegeza ya nje, kukaza ya ndani," alisema taratibu. "Hata mimi ningefanya hivyo." Kisha akauliza lile nililokuwa nikiliogopa: "Litakunjika?"

Daktari alijibu kwa maneno machache. Papa Saleh alinitazama mimi, si baba. "Anasema yeye atakaza. Kukunja ni kazi yako, jeune homme."

Ya upasuaji wenyewe sina mengi. Nakumbuka kitambaa usoni, harufu kali, tamu na ya kuchefua, na kengele zikilia ndani ya masikio yangu. Nilipozinduka mguu wangu ulikuwa umevikwa plasta nyeupe kutoka pajani hadi kifundoni, nami nikaona fahari, maana hapakuwa na mwingine pale aliyevaa nyeupe namna hiyo ila watawa.

Wodi ile, mwanangu! Sijacheka mahali pengine kama pale. Kwenye kitanda cha jirani alilala nahodha wa mtumbwi kutoka Yanonge, aliyevunjika paja, akiimba nyimbo ambazo watawa, kwa bahati njema, hawakuzielewa. Mama alituletea lituma na samaki wa mchuzi, ndizi zimepondwa laini hata wasio na meno wakaomba. Na siku moja Koko Marta aliingia na kuku chini ya kanga, kuku mwenye mguu uliofungwa vijiti na kitambaa.

Papa Saleh alishika kichwa. "Mama! Hapa ni lopitalo, si banda!"

"Nyamaza, mutoto. Huyu ni mugonjwa mwenzake."

"Umemuvunja mguu?"

Koko Marta alimvuta sikio, akamnong'oneza, nami nilisikia: "Mguu iko muzima. Nilimufunga tu, ili mama yake apate usingizi." Na kweli mama yangu, alipomwona kuku yule anachechemea katikati ya vitanda, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nilipolazwa. Kuku alitaga chini ya kitanda cha nahodha, na nahodha akadai yai ni lake kwa sheria ya mto.

Plasta ilipokatwa, furaha yangu ilikatika nayo. Mguu ulikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na goti halikukunjika hata kidogo. Papa Saleh alinionyesha jinsi ya kukaa ukingoni mwa kitanda na kuliacha lishuke polepole. Liliuma. Lakini siri yangu haikuwa maumivu. Niliogopa kwamba nikilikunja, litatoroka tena, na kazi yote ya daktari ipotee. Nikarudi nyumbani nikitembea na mguu umenyooka, nikaulinda kama yai. Watu walinisifu kwa uangalifu wangu. Baba aliniona napita hivyo, akageuza uso wake kuelekea mtoni.

Koko Marta hakunisifu. Alinikuta nimekaa mlangoni, mguu mbele kama kizuizi cha barabara.

"Toma, unangoja nini?"

"Nangoja lipone vizuri, Koko."

"Munganga alikupa goti, wewe umeligeuza fimbo. Samaki mukunje angali mubichi. Akikauka, utamuvunja tu. Unaogopa litatoka? Mwenye kushona hakuogopa, wewe mwenye kuvaa unaogopa!"

Akaninyanyua kwa mkono mmoja, bibi yule, akanipeleka mahali maji yanapotulia nyuma ya mawe, akaniketisha juu ya jiwe, miguu ndani ya maji. "Wacha mto ibebe uzito. Wewe kunja."

Nikakunja. Nililia, na machozi hayakuonekana, kwa kuwa uso wote ulikuwa umelowa. Pia ya goti ilishuka katika njia yake, imeshikwa pande zote mbili, haikutikisika. Nikakunja tena, nikaanza kucheka kama mwehu, na baba yangu, aliyekuwa juu ya magogo, akapiga ukelele uliowashtua wavuvi wote. Nilirudi pale kila siku. Msimu uliofuata nilipanda magogo, nikachuchumaa juu ya maji kufunga fundo langu la kwanza katika nafasi yetu, na hakuna aliyeichukua mpaka nilipomwachia baba yako mkubwa.

Basi, mwanangu, goti lako nawe limeshonwa, na nimekuona unavyolinyoosha juu ya kiti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkono wako ukifika mwisho wake, usione haya kumwita mwenye mkono mwingine. Na ukishatengenezwa, usikitunze ulichopewa hata kisikufae. Kitumie, ndipo kitakuwa chako. Daktari anaweza kukaza kamba, lakini hawezi kukukunjia goti.

Mungu akuongoze, akupe magoti ya kuchezea ngoma, ya kusalia, na ya kuchuchumaa mbele ya wajukuu wako. Haya, inuka. Mama yako anakungoja nje akupeleke kwenye mazoezi. Polepole, shika ukuta. Kunja, ndiyo, hivyo hivyo. Mlango huo ni mkaidi, uvute nyuma yako kwa nguvu. Vuta tena. Naam, umefunga.