Usiku wa Muungano

Kaka yangu ni mwalimu wa historia, na kila tarehe ishirini na sita Aprili, watu hata hawajanawa uso, anatutupia kwenye kundi la familia mambo yaliyowahi kutokea siku hiyo. Kwanza Tanganyika na Zanzibar kuungana. Halafu mji fulani wa Hispania kupigwa mabomu. Halafu mtambo wa nyuklia wa Chernobyl kulipuka. Mwishoni kabisa, na kimshumaa pembeni: "Pia ndiyo siku aliyofariki baba yetu mpendwa." Baba, aliyelima tangawizi Myamba maisha yake yote, anapangwa nyuma ya mtambo wa nyuklia! Inanikera kupita maelezo.

Sisi watoto hatukuwepo alipofariki. Simu zilitufikia asubuhi ya Muungano, mimi na kaka tukiwa Same mjini, wengine Dar es Salaam. Tangu hapo kila Muungano tunapanda Myamba, mchungaji anaomba kaburini, tunakula, tunateremka. Aliyekuwa akitutibulia ni shangazi, dada yake baba. Aliolewa Maore, huko tambarare, akasilimu, na kila mwaka anafika siku moja kabla. Tukifika sisi, yeye kashaondoka, ametuachia sufuria la pilau lililopoa. Tumemwambia kwa upole, tumemwambia kwa ukali.

"Baba yenu alikufa usiku wa Muungano," anajibu, "na mimi nakuja usiku wa Muungano."

Mwaka huu kaka akazua jambo la jiwe la marumaru. Fundi alitaka tarehe ya kuchonga, na kaka, ambaye kwa vita vya Hispania hana shaka hata chembe, kwa baba yake mzazi akaanza kubabaika. Alifariki kabla ya saa sita usiku au baada? Kama ni kabla, basi ni tarehe ishirini na tano. Nikatumwa mimi nitangulie kumuuliza mama. Masika hayo, barabara tope tupu, bodaboda ikanimwaga kwenye majani. Nilifika jua linazama, nimefura.

Niliwakuta kaburini, mama na shangazi, wamekaa mkeka mmoja. Shikamoo yenyewe niliitoa kama naitema.

"Mama, baba alifariki usiku wa tarehe ngapi?"

"Usiku wa Muungano."

"Muungano ni kesho!"

Shangazi akacheka. "Kesho yako wewe. Jua likizama, siku imeshaingia. Usiku unatangulia, mwanangu, mchana unafuata. Sisi huko chini ndivyo tunavyohesabu."

Nikaelewa, na hasira badala ya kushuka zikapanda. Kumbe usiku wenyewe ulikuwa huu uliokuwa unaingia, na sisi miaka yote tumekuwa tukija mchana wa baadaye, na kumcheka aliyewahi. Nikamgeukia mama. Yeye ni Mlutheri wa kuzaliwa, hahesabu siku kwa magharibi, na ndiye aliyemfumba baba macho.

"Ulijua ni usiku huu! Tumemsema shangazi weee, na wewe umenyamaza tu! Kwa nini?"

Mama alikuwa anang'oa magugu pembeni ya kaburi. Hakuacha.

"Kesho serikali imewapa mapumziko, mnakuja," akasema. "Leo ni siku ya kazi. Ningewaambia ni leo, nani angepanda? Nikaona afadhali mkosee mje, kuliko mjue mkae huko huko."

Hata mimi siku hiyo nilikuwa nimekuja kwa ajili ya jiwe. Shangazi akasogea, akanionyesha pa kukaa. Nilikaa na tope langu.

Simu ikaita. Kaka. Nikaweka spika ili mama amsikie.

"Vipi, tuchonge ishirini na tano au ishirini na sita?"

"Achana na jiwe," nikamwambia. "Ni usiku wa leo. Mama yuko kaburini. Tafuta gari uje sasa hivi."

"Leo?" Nilisikia vijana wa bweni wakipiga kelele nyuma yake. "Dada, nawe! Mapumziko si kesho?"

Mama aliinamia magugu yake. "Mwambie asafiri salama hiyo kesho," akasema.