Zakayo Aapishwa Ukumbi wa Pili

Ijulikane kwa wote, wenye viza na wale ambao zao zimekwisha, kwamba Zakayo wa Muheza, mlinzi katika chuo kikuu kimoja cha Dubai, leo hii Jumanne, mwaka 2014, anatukuzwa kuwa askari mpanda farasi. Farasi hayupo.

Mambo yalikuwa hivi. Wanafunzi walikuwa na chama cha kuigiza Ulaya ya kale, enzi za ngome na wafalme, na kila Jumanne walijifunga mapazia wakachapana kwa mapanga ya mbao. Shida ni kwamba kila mmoja alitaka ubwana. Mfalme alikuwapo, wakuu wa majimbo wanane, maaskofu wawili. Wa kupiga magoti na kuapa utii, hakuwapo hata mmoja. Ndipo mfalme, kijana Sheikhan, alipochungulia mlangoni akamwona Zakayo.

Zakayo angekataa. Lakini baba yake Sheikhan ndiye kafeel wake, mdhamini wa viza yake na mwenye kampuni ya ulinzi, na pasipoti ya Zakayo ilikuwa imelala kabatini kwake mwaka wa tatu. Bandarini Hamriya kulikuwa na kazi ya ghala inamngoja, chumba cha watu wawili badala ya kumi na wawili kule kambini Muhaisnah, ila alete barua ya kuachiliwa na kafeel kabla ya Alhamisi. Ofisini ameiomba mara nne, na mara nne ameambiwa inshallah, kwa sauti ile ya mtu anayefunga dirisha. Naye Sheikhan alisema kila anayeapa huomba jambo moja.

"Piga tu," akanong'onezwa na Prossy, Mganda aliyekuwa mwenzake wa zamu. "Mimi kwa madam nilipiga magoti miaka miwili nikisugua sakafu, na sikupuliziwa tarumbeta."

Basi akapiga magoti, kofia ya bati ikamzama hadi puani, akaomba baba yake Sheikhan amwachilie.

Sheikhan akacheka kwa upole. Akasema mambo ya ofisi ya baba hayaingii katika ufalme. Aombe kingine, ngao labda. Kisha akaifumbata mikono ya Zakayo ndani ya yake, kama desturi ilivyotaka, akasoma:

"Kuanzia leo u mtu wangu. Hutatoka katika nchi yangu bila ruhusa yangu. Hutamtumikia bwana mwingine. Utalala nitakapokulaza. Waapa?"



"Hayo nilishasaini kwa baba yako, sir," akasema Zakayo kutoka ndani ya kofia.