Adhel Anamtafuta Kur

Wanafunzi walipoanza kurudishwa Juba kutoka Khartoum, mimi Annet nilikuwa tayari nimefungua hoteli ya mabati karibu na geti la chuo kikuu. Nilitoka Arua na masufuria machache na ulimi mrefu, na nadhani ulimi ndio uliouza chakula zaidi. Walikula posho, ugali wetu wa Uganda, na maharage yangu huku wakibishana kwa Kiarabu juu ya kura ya maoni, wakicheza karata na kugombania kivuli. Nilishazoea watu wa kila aina. Lakini Adhel alinichanganya tangu siku ya kwanza.

Aliingia na begi kubwa mgongoni, kama wale wazungu wanaotembea dunia nzima bila kazi. Kumbe alikuwa Mdinka, msichana mrefu wa kuinama mlangoni. Aliwasalimia wanafunzi kwa Kiswahili cha Eldoret, wakamjibu kwa Kiarabu, akabaki anawatazama. Wakajaribu Kidinka, akaitikia salamu tu. Walicheka, wakamwita kawaja, yaani mzungu, na jina likamganda.

"Wewe naenda wapi na mzigo hiyo?" nikamuuliza.

"Nazunguka tu, aunty. Nataka kuona Juba."

"Juba iko na nini ya kuona? Vumbi utaona bure."

Kweli alizunguka. Kila asubuhi alitoka peke yake nyumbani kwa mjomba wake, kama alivyomwita, kule Hai Mauna. Alipita Buluk kwa miguu, akavuka daraja mpaka Gumbo, siku nyingine akafika Rejaf. Alipanda mlima wa Jebel Kujur mpaka akakuta mawe yaliyopakwa rangi nyekundu, alama ya mabomu ya ardhini, akarudi akikanyaga nyayo zake mwenyewe. Askari wakimuuliza anatafuta nini, aliwaambia anatalii. Hakuna aliyemwamini. Miaka ile mtu hakutembea Juba hivihivi: ama anamtafuta mtu, ama anamkimbia mtu.

Na askari hawakukosea. Siku moja mvua ilimfungia kwangu, akanifungulia moyo. Baba yake aliitwa Kur, aliwahi kusoma chuo hichohicho, akafa. Hayo tu ndiyo mama yake, Awien, aliyomwambia, kisha Awien naye akafa huko Eldoret, Kenya, walikokimbilia vita, binti akiwa bado shule ya bweni. Sasa Adhel alitaka kujua kama na yeye asome hapa. Zaidi ya hapo alitaka mtu mmoja tu aliyemjua Kur.

"Aniambie tu alikuwa anacheka aje," alisema. "Sina picha, sina kitu."

"Na mjomba yako? Si ni ndugu ya baba?"

"Anko Mayen? Nikimuuliza anasema Kur alikuwa mtu mzuri, halafu ananyamaza."

Mayen nilimfahamu kwa sura. Alikuwa dereva wa shirika moja kule Thongpiny, mtu mkavu anayesalimia kwa kidevu. Nikaona hapo hapatoki kitu. Basi kiherehere changu kikanituma kwa Mzee Jada, Mbari aliyelinda maktaba ya chuo miaka yote ya vita, wenzake walipohamishiwa Khartoum. Nilimkaribisha chai, nikamketisha na Adhel, nikawa mkalimani wao, kwa sababu mzee alijua Kiarabu cha Juba tu.

Jada alimkumbuka Kur. Alimkumbuka vizuri sana. Alisema kijana yule alikuwa anaanza kucheka kabla hajamaliza hadithi, mpaka hadithi yenyewe haisikiki, na watu wanacheka bila kujua wanachekea nini. Adhel aliposikia hivyo alicheka, machozi yakamtoka, akaniambia nimuulize tena. Mzee akairudia. Ningekuwa na akili ningefunga hoteli saa ileile.

"Muulize alikufa aje."

Jada alisema ni homa. Kur alikufa mwaka uleule vita vilipoanza, na yeye Jada alikuwa miongoni mwa waliombeba. Kilichowaumiza wenzake ni kwamba alikuwa hajaoa, akaenda bila kuacha mtoto.

Nilitafsiri yote kabla sijafikiri. Ulimi hauna mfupa. Adhel alizaliwa vita vikiwa na miaka mitano, mwenyewe aliniambia hivyo.

"Muulize vizuri, aunty. Amekosea mwaka."

Niliuliza. Mzee alikasirika. Alisema alimfukia Kur kwa mikono yake, na mwaka ule hakuna mtu wa Juba anayeweza kuusahau. Akanywa chai yake, akaenda zake.

"Kwa hivyo mama alinidanganya," Adhel alisema. "Mimi ni wa nani?"

Na mimi niliwaza kama yeye, kwamba Awien alizaa na mtu mwingine akatumia jina la Kur, nikamkasirikia marehemu ambaye sijawahi kumwona. Nikachukua simu ya Adhel, nikampigia Mayen. Alikuja na gari la shirika, akasikiliza maneno yote akiwa wima. Nilitegemea aone aibu. Yeye alishangaa tu.

"Hiyo ndiyo shida?" alisema. "Kur alikufa bila bibi. Mtu hawezi kupotea hivyo. Tulitoa ng'ombe, mimi nikaoa Awien kwa jina yake. Mtoto ya Awien iko ya Kur. Mama hakuambia wewe?"

"Hakuniambia."

"Mimi nilidhani unajua. Kwetu hakuna mtu nafundishwa hiyo."

Ndipo nilipojua kwamba kwao kaka akifa kijana kabla ya kuoa, mdogo wake humwolea mke, na watoto wanaozaliwa ni wa marehemu. Hakuna siri, kila mtoto anakua akijua. Ila Adhel alikulia bwenini Eldoret, na kila mtu alidhani mwingine amemwambia.

"Ngoja kwanza," nikasema, maana siwezi kunyamaza. "Ile nyumba ya Awien, nani alikuwa nalala ndani?"

"Mimi."

"Basi baba ni wewe."

"Hapana. Baba ni Kur."

Mayen baadaye alioa mke wake mwenyewe, na watoto wa mke huyo walimwita baba. Adhel alikuwa amekaa nao mkekani kila jioni akiwasikia. Alimsogelea Mayen.

"Sema mara moja tu," alimwambia. "Hapa hakuna mtu wetu anasikia. Sema mimi ni mtoto wako."

Mayen alivua kofia, akajifuta uso. "Nikisema, nitakuwa nimeibia Kur. Yeye hana kitu ingine, iko na wewe tu."

Akarudi kwenye gari. Alishika mlango muda mrefu bila kuingia, halafu akaondoka.

Nilichukia, nasema kweli. Kwangu mimi aliye hai ndiye anayeona njaa, na mfu ameshapumzika. Siku zilizobaki Adhel hakutembea tena. Alikaa kivulini akitazama wanafunzi wakicheza karata, chakula changu kikipoa mbele yake. Nikamwambia mwanaume yule ni jiwe.

"Sijui, aunty," alisema. "Nikimchukia, namchukia nani? Nikimpenda, nampenda nani?"

Siku ya kuondoka nilimsindikiza kwenye basi. Mayen alikuja, akambebea begi. Kondakta alikuwa Ojok, kijana wa kwetu Uganda, na kila msichana anayesafiri peke yake alimuulizia mtu wake kwanza, asije akakwama naye mpakani Nimule bila mtu wa kupigia simu.

"Huyu mtoto iko ya nani?"

Nilimtazama Mayen. Alifungua mdomo, akavuta pumzi. Mpaka leo naapa kwamba alikuwa anataka kulisema neno lile. Nilitaka aliseme. Adhel naye aliona, na ndiye aliyemwahi.

"Mimi ni binti ya Kur," alimwambia Ojok. "Kur alikufa. Huyu ni ndugu yake mdogo."

Mayen aliweka begi chini. Alilia kwa sauti mbele ya abiria wote, na Adhel akasimama karibu naye, amemshika mkono, mpaka basi likapiga honi.