Uzito Upande wa Upepo

Kwenye nchi kavu, mwili wa Mama Dobi ulikuwa mali ya umma. Kila mtu alikuwa na la kusema juu yake. Daktari alimwambia apunguze, dada zake walimwambia apunguze, na wateja waliokuja kuchukua mashuka yao pale kwenye duka lake la kufulia nguo walimshauri awe anatembea jioni, utadhani kusimama kutwa nzima mbele ya pasi ya mvuke ni kulala. Aliwaitikia wote vizuri na akaendelea kula. Mahali pamoja tu duniani ambapo kilo zake zilipokewa kwa furaha palikuwa ndani ya mashua ya mumewe.

Mumewe alikuwa fundi miwani, mtu mwembamba mpaka wenzake wa gatini wakamwita Sindano. Tena hakujua kutulia. Hata akila alikuwa na mguu mmoja nje ya meza. Mashua yao ya matanga ilikuwa ndogo, ya watu wawili na kikapu cha chakula, na wakiingia humo kila mmoja alijua kwake. Sindano alikaa nyuma akishika mti wa usukani. Mama Dobi alikaa ukingoni mbele yake, upande unakotoka upepo. Upepo ukizidi mashua ililala ubavu, naye akajirudisha nyuma mpaka mgongo wake ukawa juu ya maji, na mashua ikainuka na kukimbia. Hakuna aliyemfundisha. Makalio yake yalijua kabla ya kichwa. "Hapo hapo, mke wangu," Sindano alikuwa akimwambia, "usipungue hata kidogo." Kwenye ndoa iliyozaa watoto wawili na ugomvi usio na idadi, hayo ndiyo maneno ya mapenzi aliyoyashika kuliko yote.

Kisha Sindano akaingiwa na wazimu wa mashua kubwa. Alikata vioo vya watu huku macho yake yako kwenye picha za mashua alizobandika ukutani, na mteja mmoja akarudishiwa miwani yenye kioo cha kushoto upande wa kulia. Haukupita muda, ile ndogo ikauzwa na kubwa ikafungwa gatini. Ilikuwa na chumba chini, kitanda, jiko, na choo chenye mlango wa kufunga. Sindano alimtembeza mkewe humo kama bwana harusi anayeonyesha nyumba, akifungua kabati na kufunga, na mwisho akapiga sakafu kwa kisigino.

"Chini ya hapa kuna mkuku, uti wa mashua wa chuma, uzito wake lori tupu halioni ndani," alisema. "Upepo uje usije, hii inajisimamia yenyewe. Kuning'inia nje kumekwisha, mama watoto. Wewe kaa tu, upumzike."

Mama Dobi akatabasamu, maana alitazamiwa atabasamu. Moyoni alisikia kitu kikikatika. Alikuwa amefutwa kazi, nafasi yake imechukuliwa na kipande cha chuma, na bado alitakiwa aseme asante.

Juu ya hayo kulikuwa na safari. Sindano alitaka binti yao ashike duka la miwani, na mvua zikiisha, wao wawili wang'oe nanga, waifuate pwani mwaka mzima, walale wanapofika. Kila asubuhi alimuuliza mkewe ameamuaje, na kila asubuhi mkewe alimjibu kwamba bado anaangalia. Ukweli ni kwamba alishaamua. Hangekwenda popote kwa mwaka mzima akiwa mzigo.

Lakini kuamua hakukumpa raha. Dukani alipiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa, mpaka msaidizi wake akamwambia taratibu, "Mama, hiyo ni mara ya pili." Nyumbani alihamisha viti. Kwenye mashua ndiyo ilikuwa balaa. Alikaa kulia, akahamia kushoto, akaenda mbele, akashuka chini, akapanda tena. Siku moja, Sindano akiwa ameinama kufunga kamba, alisimama katikati na kuruka juu kwa nguvu zake zote, akatua kwa miguu miwili. Kikombe cha chai kilichokuwa mezani hakikutikisika. Alishuka chini, akajifungia chooni na kulia kidogo.

Sindano naye hakuwa na amani na chuma chake. Ile mashua ndogo ilikuwa na mdomo. Upepo ukiiongezea hata kidogo, ililala papo hapo, ukajua. Hii kubwa ilinyamaza. Ilisimama wima kwa adabu huku kamba zikikazika na kuwa ngumu kama nondo, halafu ghafla ikajigeuza yenyewe kuuelekea upepo, usukani ukimponyoka mikononi, matanga yakipigapiga na sahani zikimwagika chini. Hilo lilitokea leo, likatokea kesho. Sindano alibadilisha kamba, akabadilisha kapi, akagombana na aliyemuuzia, na mwishowe akamwita fundi wa matanga. Fundi alipanda mlingoti, akashuka, akajifuta mikono.

"Mashua haina ubaya, mzee," alisema. "Kubwa hailalamiki mapema kama ndogo. Ukingoja ikwambie, umeshachelewa. Upepo ukianza tu kuongezeka, punguza tanga."

"Nitajuaje kwamba umeanza?"

"Si unauona?"

Sindano alimlipa haraka, akainama kukunja kamba zilizokwisha kukunjwa.

Jumamosi iliyofuata Mama Dobi alipiga moyo konde. Alipanga amwambie mumewe huko huko majini, mahali ambapo hawezi kuondoka na kwenda kujifanya ana kazi. Walipotoka kwenye ghuba alishuka jikoni, akaosha vikombe safi, akiyapanga maneno yake: mume wangu, umri umekwenda, duka la dobi nitamwachia nani. Yalikuwa maneno mazuri na hata moja halikuwa la kweli. Alikuwa kwenye kikombe cha mwisho sakafu ilipoinama. Kamba zililia juu ya kichwa chake, mashua ikajizungusha, naye akarushwa kwenye kabati, droo ya vijiko ikimfuata.

Alipanda ngazi akiwa amefura. "Unataka kuniua na hilo chuma lako?"

Sindano alikuwa ameukumbatia usukani kwa mikono yote. Hakukuwa na nafasi ya kugombana. Walilegeza kamba pamoja, wakashusha tanga kubwa nusu na kulifunga, na mashua ikatulia, ikashika njia utadhani si yenyewe iliyokuwa ikifanya vituko. Mama Dobi alikuwa akihema. Yale maneno mazuri yote yalikuwa yameanguka pamoja na vijiko.

"Mimi hiyo safari siendi," alisema.

"Najua," Sindano akajibu. "Na mimi siwezi kwenda."

"Wewe? Kwa nini?"

Sindano alitazama mikono yake. "Sijui upepo uko wapi."

Mama Dobi alidhani anataniwa.

"Sikuwahi kulitazama tanga," Sindano aliendelea. "Nilikuwa nakutazama wewe. Ukianza kujirudisha nyuma, najua upepo unakuja, nalegeza mkono. Mabega yako yakirudi ndani, najua umepita. Miaka yote hiyo. Sasa uko chini unaosha vikombe, na mimi nimekodoa macho hapa kama kipofu."

Kama ni riwaya, mke angemkumbatia. Mama Dobi alikasirika, na alikuwa na haki. Miaka yote hiyo alijiona gunia la mchanga lenye bahati ya kupendwa, kumbe alikuwa macho ya chombo kizima, na mtu aliyelijua hilo aliweka siri kwa kuona haya mbele ya wenzake wa gatini.

"Toka hapo," alisema. "Nenda kakae ukingoni. Leo nakutazama mimi."

Sindano alitii. Alikaa upande wa upepo, miguu nje, mgongo kwa mkewe. Mama Dobi aliushika usukani, akausikia ukimvuta kwa nguvu za ng'ombe, akakaza macho kwenye ule mgongo akisubiri umwambie kitu. Mgongo haukusema lolote juu ya upepo. Lakini hakuwa amewahi kuutazama majini, kwa sababu siku zote yeye ndiye aliyekaa mbele. Shati alilolipiga pasi asubuhi lilining'inia kwenye mifupa. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika reli, na kila wimbi dogo lilipopita, ilishika zaidi. Mume wake alikuwa anaogopa kuanguka. Ulikuwa mgongo wa mzee, na hakuna aliyekuwa amemwarifu Mama Dobi.

Akakumbuka msimu uliopita, jinsi Sindano alivyokuwa akilalamikia jua ili warudi mapema, na jinsi alivyokuwa akibadilisha mkono kwenye usukani kila mara. Akajua sasa chuma kile kilinunuliwa kwa sababu ya mikono ya nani. Hasira ilimtoka yote, akabaki na huruma.

"Unaona nini?" Sindano aliuliza bila kugeuka.

"Mvua zikiisha tutakwenda," Mama Dobi alisema. "Lakini usukani nitashika mimi."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Rudi huku, karibu yangu."

Alirudi akishika kitu kimoja baada ya kingine, taratibu, akijifanya anakagua kamba. Mama Dobi alijifanya haoni. Alitazama tanga, akatazama maji, na akaishikilia mashua isiyumbe mpaka mumewe alipokaa.