Mgeni Katika Orodha ya Fundi Masikio

Fundi Masikio, binti wa fundi redio, mjukuu wa mpokea simu wa posta, ndiye aliyetandaza mtandao wa kiwanda kizima cha uchapaji, na hakumwamini mtu. Meneja alimwambia kuwa tangu juzi kuna kifaa kigeni kinachokula mtandao. Aliyemshuku ni karani wake; kikiwa chake, atafukuzwa leo hii.

Mezani kwa karani, Masikio akachomeka adapta yake ya kunasa mawimbi kwenye kompyuta yake ya mkononi. Ikagoma kusikiliza.

"Nani kaigusa?" akamuuliza karani kwa jicho la pembeni.

"Mama, mdudu wako huyo hata jina lake silijui!"

Kumbe ni programu ya wifi ya kompyuta yenyewe iliyokuwa ikiing'ang'ania. Akaizima, na orodha ya vifaa ikajaa. Kimoja hakukitambua, na mawimbi yake yalikuwa makali pale pale mezani kwa karani.

"Umekwisha, mwanangu."

Akabeba kompyuta hadi mlangoni ili ahakikishe kuwa mawimbi yanafifia akiiacha meza ile. Mawimbi hayakupungua. Akatoka uani, mgeni yuko naye bado. Akajipapasa polepole, akatoa mfukoni simu mpya aliyonunuliwa na mwanawe juzi, ambayo aliiunganisha mwenyewe akasahau. Ilikuwa ikipakua video za wajukuu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Alikwenda kwa meneja akasema ukweli, shingo wima kama kawaida yake, kisha akamkabidhi karani daftari.

"Kuanzia leo, andika kila kifaa cha humu ndani kabla sijapima. Anza na changu."