Gurudumu la Mbele Liko Sigor

Fremu ilining'inia sebuleni kwetu juu ya kochi, mahali ambapo majirani zetu wa Mogogosiek hutundika kalenda na picha ya harusi. Ilikuwa fremu ya baiskeli ya resi, chuma chembamba chenye rangi ya damu iliyokauka, na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Magurudumu haikuwa nayo. Nimekua nikila chini ya ile foku tupu, uma wa kushikia gurudumu la mbele, ncha zake mbili zikinielekea, na kila jioni baba akiinua macho kutoka kwenye sahani kusema maneno yaleyale: "Yule mtu alituibia miguu."

Yule mtu alikuwa mwenzake wa kiwandani. Meneja mmoja wa shamba la chai alipoondoka nchini aliwaachia wawili hao baiskeli yake, kwa kuwa walikuwa wakimwoshea gari kwa zamu, na hakujali kwamba baiskeli moja haigawanyiki. Wao waliigawa kwa wiki. Wiki hii yetu, wiki ijayo yao, kuanzia Jumatatu alfajiri. Sisi ni Wakisii tuliofuata kazi ya chai. Wao ni Wakipsigis, wenye shamba kule Sigor. Mambo yalikwenda vizuri, baba alisema, mpaka siku yule mwenzake alipofungua magurudumu yote mawili, akayabeba, akahamia kwao na asirudi. Hiyo ndiyo hadithi niliyolishwa. Niliimeza na nikainenepea.

Baba ndiye aliyenifundisha kufunga gurudumu, yaani kulisuka kwa spoku, zile njiti zake za chuma, moja moja. Kaka zangu hawakuwa na subira, mimi nilikuwa nayo, basi tulikaa nyuma ya nyumba kwenye vigoda, tukifunga magurudumu ya blakmamba, zile baiskeli nzito za watu waliobeba maziwa. Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, tundu la valvu likae chini ya spoku zinazopishana, mahali ambapo pampu haiingii kwa urahisi. "Mwizi wa valvu aumie vidole," alisema. Aliyeumia vidole ni mwenye baiskeli, kila alipojaza upepo, na mimi mpaka leo nina kovu kwenye kifundo cha kidole cha shahada. Sheria ya pili ilihusu nipeli, zile kofia ndogo za shaba zinazoishika ncha ya spoku kwenye rimu, duara la nje. "Ikizunguka mara tatu imeshika. Mizunguko mitatu inatosha." Alisema hivyo kwa sababu spoku zake zilitoka kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, za kila urefu, na nyingi zilikuwa fupi.

Alipostaafu, ile sentensi yake ya jioni ikawa ya asubuhi na ya mchana pia. Nikaamua kuirudishia fremu miguu. Sikufanya kwa upendo. Nilitaka kuipanda mpaka Sigor, nipite mbele ya lango la yule mtu polepole, nikipiga kengele.

Nilinunua rimu, habu ya katikati na spoku Kericho, nikafunga gurudumu la mbele kwa siku mbili, nikalipeleka pamoja na fremu kwa fundi mmoja anayekaa mkabala na kiwanda, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mwenye mikono mipana na ulimi mrefu. Harufu ya chai inayokaushwa ilikuwa imetanda barabara nzima. Wanaume wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi lake wakingoja pancha zao, na wote walinyamaza nilipofika, kama watu wanaosubiri sinema ianze.

"Madam, hii umetoa wapi?"

"Kericho."

"Rudisha Kericho." Alilishika gurudumu langu kwa vidole viwili. "Fremu yako ni ya inchi ishirini na saba. Umeleta ishirini na nane ya blakmamba. Rimu ya blakmamba imejikunja huku kando, na breki ya resi inabana kando. Sasa breki yako itashika nini? Hewa?"

Benchi likacheka.

"Na nani alifunga?"

"Mimi."

"Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Huyo baba hapendi watu."

Nilimwambia achunge mdomo wake. Alichukua koleo, akashika spoku moja, akaivuta mara moja tu. Ilitoka. Nipeli ikabaki kwenye rimu, imeachama.

"Umeona? Imeshika mizunguko mitatu. Spoku inatakiwa kufika mwisho wa nipeli. Kwa barabara sawa utaenda, utafurahi. Teremka hapo kwa daraja ukiwa na kasi, zitaachana zote pamoja, na wewe tutakuokota na reki." Akanirudishia gurudumu. "Duka lenye ishirini na saba silijui, si hapa, si Bomet. Tafuta magurudumu yake ya zamani. Au tundika tu hiyo chuma kwa ukuta."

Nilimchukia wiki nzima. Nilirudi nyumbani na kujaribu spoku nyingine kwa koleo langu, nikitumaini kwamba ile moja ilikuwa mbovu. Zilitoka tano mfululizo. Sikumwambia baba. Nilijiambia kwamba kosa lilikuwa la mikono yangu, kwamba nilimsikia vibaya, na Jumatano nikaenda Sigor, bila kengele, nikiwa nyuma ya boda niliyoichukua Bomet.

Ukiipita Bomet kuelekea upande ule, kijani cha chai kinakuacha. Ardhi inakuwa ya mahindi na mbuzi na ua wa miiba. Boda ilinishusha kwenye lango la mbao, nikamwomba mwenye boda aningoje. Ndani, chini ya paa la mabati, mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mguu wa kulia umenyooka mbele yake bila kukunjika, kama kitu alichoazimwa. Mkewe alikuwa akipepeta wimbi.

"Chamgei," nikasema.

Mama aliitikia bila kusimamisha ungo. Mzee alivuta fimbo yake karibu.

"Nimetoka Mogogosiek. Nimekuja kuchukua magurudumu ya baba."

Nilikuwa nimeipanga sentensi hiyo njia nzima, na niliisema nikiwa nimesimama, bila kuulizia mvua wala mifugo. Mzee aliniangalia usoni kwa muda, akimtafuta baba yangu humo, na nadhani alimpata.

"Amekutuma?"

"Nimejituma."

"Afadhali. Maana yule anajua kutuma. Mimi nikiwa hospitali alituma mtu aulize fremu iko wapi."

"Hospitali gani? Wewe ulikimbia na magurudumu."

Ungo ulisimama. Mama aliuweka chini, akafuta mikono kwenye leso, akanigeukia mwili mzima.

"Wewe msichana, sikiza. Hiyo Jumatatu ya ajali wiki ilikuwa yetu. Gurudumu la mbele lilivunjika spoku kwa wiki yenu, Jumapili baba yako ndiye alifunga upya, akaleta akasema iko sawa, endesha. Mzee wangu akateremka nayo kwa daraja. Unaona huo mguu? Huo ndio jibu. Miezi amelala. Na unajua nani hakuja hata na ndizi moja? Alikuja kwangu, kambi ya wafanyakazi, na spana. Akafungua, akabeba fremu. La mbele aliacha, lilikuwa limekunjika kama chapati. La nyuma nililikalia. Nikamwambia, 'Shemeji, nyanyua mimi kwanza.'"

"Na hata wakati huo hakuwa mwepesi," mzee akasema. "Ndiyo maana tuko na gurudumu."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Alinyoosha fimbo kuelekea mlangoni. Kando ya mlango, kwenye msumari mkubwa, lilitundikwa gurudumu lililopinda katikati, rimu yake imeshika kutu ya rangi ya udongo.

"Wanasema huko kwenu unajua kufunga."

"Najua."

"Toa, shika. Niambie hiyo ilifungwa na nani."

Nililitoa kwenye msumari. Sikuwa na haja ya kutazama. Kidole changu cha shahada kililitafuta tundu la valvu na kulikuta chini ya spoku mbili zinazopishana, na kovu langu likagusa mahali kama pale lilipotokea. Spoku zaidi ya nusu zilikuwa zinaning'inia huru, zikigongana. Ncha zake zilikuwa fupi. Nipeli zilibaki kwenye rimu, zote zimeachama, kama ile iliyoachama mbele ya benchi la watu wanne.

"Sijui," nikasema.

"Hujui."

"Sijui."

"Basi umekuja kuchukua kitu hukijui. Rudisha kwa msumari. Nenda."

Nililirudisha. Nilitembea mpaka langoni. Mwenye boda alikuwa anatafuna muwa, aliutema, akawasha pikipiki, akasema, "Twende, madam?" Nilisimama na mkono juu ya ile mbao. Ningeweza kupanda. Ningefika nyumbani na kusema wamekataa, na baba angefurahi, sasa naliona hilo wazi kabisa: angefurahi kuliko kama ningeleta magurudumu. Sentensi yake ingepata meno mapya. Ningeisikia mpaka siku ya kumzika, na siku moja ningejikuta nawaambia watoto wangu mwenyewe. Hasira niliyoibeba kutoka Mogogosiek ilikuwa bado nzima kifuani, haikupungua hata kidogo, ila sikuwa tena na mtu wa kumpa hapa.

Nikarudi.

"Ni ya baba," nikasema. "Valvu iko chini ya spoku zinazopishana. Hakuna mwingine anayeweka hivyo. Na spoku zilikuwa fupi, hazikushika. Mimi mwenyewe nilifunga hivyo hivyo mwezi huu."

Mzee alimgeukia mkewe. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Arudie?"

"Arudie," mama akasema, na kuokota ungo wake.

Nilirudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa wakati huu niliyasikia maneno yangu. Mzee hakunishukuru. Aliniambia niingie ghalani, nyuma ya magunia. Gurudumu la nyuma lilikuwa limefungwa kwenye gunia safi, na nilipolifunua niliona habu inang'aa, spoku arobaini zimekaza, rimu imenyooka kabisa. Nilipolisukuma kwa kidole lilizunguka kwa muda mrefu bila sauti. Baba hakuwahi kulifunga hilo. Lilikuwa bado kama lilivyotoka kwa meneja.

"Nimelipaka mafuta miaka yote," mzee alisema nilipotoka nalo. "Usifikiri ni kwa ajili yenu. Chukua, jambo hilo liishe."

Nilitazama msumarini.

"Hilo halitoki. Mwambie aje alitoe mwenyewe. Miguu yake si iko miwili?"

Hawakunipa chai. Sikuitarajia.

Baba alikuwa peke yake nyumbani nilipofika, jua bado liko juu. Niliishusha fremu ukutani, nikaliingiza gurudumu, nikakaza nati zote mbili, yeye akinitazama. Kisha akapiga makofi mara moja, kwa nguvu.

"Umewaweza!" alisema. "Umewaweza, mtoto wangu!" Akaligusa, akalizungusha, akainama kulisikiliza. "Na la mbele?"

"Liko Sigor, kwa msumari. Anasema uende ulitoe mwenyewe."

Mkono wake ulibaki kwenye tairi mpaka gurudumu likasimama. Nilimngojea aulize habari za ule mguu. Nilimngojea akasirike, aseme wale ni waongo, na nilikuwa nimeshaandaa majibu makali, nimeyapanga kwa ukubwa. Hakuulizia ule mguu.

"Nipeli zilibaki kwa rimu?" akauliza.

"Zilibaki."

"Zote?"

"Nyingi."

Akakaa kwenye kochi, polepole. Ni swali ambalo mtu hulibeba miaka mingi, nalo lilinikata kuliko uongo wenyewe. Alikuwa amelijua jibu tangu Jumapili ile, alipokuwa akikaza nipeli na kuhesabu mizunguko.

"Nilikuwa na hizo spoku tu," alisema. "Jumapili maduka yalikuwa yamefungwa."

"Tata, si ungemwambia angoje."

"Wiki ilikuwa yake. Angesema namnyima wiki yake."

"Kwa hiyo ukampa."

"Nikampa."

"Na fremu? Ukaenda kwa mkewe na spana?"

Mpaka leo hajalijibu.

Baiskeli sasa iko sebuleni, gurudumu la nyuma likiwa sakafuni na foku ikiwa juu ya mkebe wa rangi. Hairudi ukutani, nimekataa. Baba amekigeuza kiti chake kikatazama mlango, na hasemi tena kuhusu mtu aliyetuibia miguu. Kwa kweli hasemi mengi. Tunasalimiana kama watu wanaopishana njiani na kila mmoja ana haraka yake. Yule fundi wa mkabala na kiwanda ameninyooshea rimu kuukuu ya inchi ishirini na saba aliyoipata sijui wapi, akanikatia spoku thelathini na mbili za urefu kamili, akisema tena mbele ya benchi kwamba zimfikie mwalimu wangu. Nimezifunga kwenye gazeti, ziko juu ya redio ya baba. Kinachokosekana ni habu, maana ile ya Kericho ni ya blakmamba, haiingii kwenye foku hii, na habu yake iko kwa msumari.

Kila Jumatatu alfajiri napiga rangi viatu vyake na kuviweka mlangoni, vimeelekea nje. Yeye huvitazama kutoka kitini. Jioni huvichukua na kuvirudisha chini ya kitanda, na mimi huwa navikagua kabla sijalala, soli zote mbili, kama zina vumbi la Sigor.